Mpelelezi binafsi sio askari: kwanini yule dada mkimya wa riwaya hana bastola na kesi bado inaisha

Kila ikitoka riwaya ya upelelezi ambayo mhusika mkuu ni mwanamke mpole, hapigi mtu, anakunywa chai yake na kuuliza maswali mawili matatu, ubishi unaozuka kwenye magrupu ya wasomaji hapa Dar huwa ni uleule. Mmoja atasema huyu mpelelezi gani hata pingu hana. Mwingine atauliza kibali kapewa na nani. Wa tatu anasema stori imepoa, kurasa zote hizo alafu mwisho wa kitabu hakuna hata mtu mmoja aliyepelekwa kituoni. Na hakosi yule anayeuliza kama ofisi za namna hiyo zipo kweli, maana ana jambo lake na mume wake.

Mi naona maswali yote haya yanatoka sehemu moja. Tunachukua watu watatu tofauti kabisa tunawaita wote mpelelezi, alafu tunamdai mmoja afanye kazi za mwenzake. Ukishawatenganisha, riwaya ya huyu dada mkimya inasomeka vingine kabisa, na yale uliyoyaona ni mapungufu unakuta ndo uti wa mgongo wa stori yenyewe.

Wa kwanza ni kachero wa polisi. Huyu yuko chini ya Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, ile ambayo mkuu wake tunamsikia kwenye taarifa ya habari akiitwa DCI. Ukiibiwa ukaenda kituoni, maelezo yako yakaandikwa, ukapewa RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni, jalada likafunguliwa, basi mtu atakayepewa lile jalada ndo mpelelezi wa kesi yako. Anaweza akavaa suruali ya jinzi na fulana, ndo wale tunaowaita askari kanzu, lakini nyuma yake kuna sheria inayompa meno: anakamata, anapekua, anahoji, anachukua maelezo. Akimaliza, jalada linaenda kwa waendesha mashtaka wa serikali na wao ndo wanaoamua iende mahakamani au isiende.

Wa pili ni mtu wa usalama wa taifa, shushushu kwa lugha ya mtaani. Idara yake imewekewa sheria yake mwaka 1996 na kazi yake ni kukusanya habari zinazogusa usalama wa nchi. Nani kaiba gari lako Mikocheni sio habari yake.

Wa tatu sasa ndo mpelelezi binafsi. Ni raia anayelipwa na raia mwenzake amtafutie ukweli wa jambo fulani. Basi, imeishia hapo. Hana mamlaka hata moja ambayo wewe unayesoma hapa huna. Hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kuruhusiwa, hawezi kumlazimisha mtu kujibu swali, hawezi kuagiza benki impe taarifa za mteja. Kukamata anaweza kwa kiasi kilekile ambacho raia yeyote anaweza, yaani mtu akitenda kosa mbele ya macho yako sheria inakuruhusu kumshika na kumkabidhi polisi bila kuchelewa, na huo sio upendeleo wa mpelelezi, hata muuza mihogo anao.

Mfikirie dalali wa vyumba wa pale Sinza. Hana nyumba, hana funguo, hawezi kumtoa mpangaji wala kumwingiza, lakini anajua chumba gani kinaachwa mwisho wa mwezi, anayehama anahama kwasababu gani na mwenye nyumba hela anaitakia nini mpaka kashusha bei. Mtaji wake wote ni kujua na kuambiwa. Mpelelezi binafsi yuko hivohivo, siku watu wakiacha kumwambia vitu kazi imekufa.

Sasa turudi kwenye vitabu vyetu wenyewe, maana mchanganyiko huu tumelelewa nao. Waandishi wa Kiswahili wametupa wapelelezi wakubwa na kila mmoja anasimama sehemu yake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kuonekana kwenye Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, huyo sio askari na wala hajafungua ofisi, ni bwana mwenye kiko chake mdomoni, mdadisi, anafikiri kuliko anavyokimbia. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla kwenye Simu ya Kifo ya 1965 ni polisi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetikisa kuanzia Kufa na Kupona mwaka 1974, ni mtu wa serikali, anatumwa na nchi, anapanda ndege, anapiga risasi na nchi inamlinda mgongo. Alafu miaka ya 80 tukawa na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, huyu ndo wa kujitegemea, ila pilika zake na vishindo vyake viko karibu zaidi na vya Gamba kuliko vya Bwana Msa. Kwahiyo kizazi kizima cha wasomaji, mimi nikiwemo, tulipokea jina la mpelelezi likiwa na bastola kiunoni na gari la mwendo mkali, na mpelelezi wa kujitegemea tukamjua kwa sura ileile ya mtu wa serikali.

Ukiwapanga hivo utaona kitu. Kelele ya mpelelezi inafuata mamlaka yake. Gamba anaweza kuvunja mlango kwasababu kesho asubuhi kuna mtu mkubwa atakayesema alitumwa. Mtu asiye na wa kumsemea hawezi kuvunja mlango, lazima afunguliwe, na ili afunguliwe lazima aongee vizuri, awe na subira, ajue saa gani ya kwenda na saa gani ya kuondoka. Upole wa yule dada ndo kifaa chake cha kazi. Wanaosema ni mpole kwasababu mwandishi anaamini wanawake ni dhaifu wanasahau kwamba Bwana Msa ni mwanaume na yeye pia hakupiga watu, alikaa akawasha kiko akafikiri. Na hapohapo jibu la wale wanaosema mpelelezi mkimya ni mtindo wa kizungu umeletwa juzi: riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na mtu mkimya, hawa wa vishindo walikuja baadae.

Kuna jambo lingine watu wanalichanganya. Sio kila mwanamke anayefumbua fumbo kitabuni ni mpelelezi binafsi. Yule bibi wa Agatha Christie, Miss Marple, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka 1930, hakuna anayemlipa, ni bibi wa kijijini anayejua tabia za watu na kufuma sweta. Mpelelezi binafsi ana mteja, ana ada, ana makubaliano. Hilo la mteja lishike vizuri, tutalirudia, ndo linaloamua kitabu kinaishaje.

Mfano wa karibu yetu ni Precious Ramotswe, mhusika wa Alexander McCall Smith kwenye mfululizo wa riwaya ulioanza 1998, za Gaborone kule Botswana. Mama huyu alirithi ng'ombe kwa baba yake, akauza, akafungua ofisi ya upelelezi, ana kigari chake kidogo cheupe na chai yake ya kienyeji. Kesi mojawapo ya mwanzo kabisa ni ya dada mmoja ambaye baba yake alipotea akiwa mdogo, miaka ikapita, akatokea mzee anasema mimi ndo baba yako, akahamia, anakula, analala, anahudumiwa, na binti ameanza kuwa na wasiwasi ila hana cha kumshikia. Mpelelezi wetu afanye nini? Hana polisi wa kumhoji mzee. Akaazima sare ya nesi, akaenda kumwambia yule mzee binti yako kapata ajali, anahitaji damu nyingi, inatakiwa itoke kwako wewe baba mzazi na kuna hatari ukafa. Mzee mwenyewe akaanza kusema kwamba hata sio baba yake. Hukumu ya Nabii Suleiman na wale wanawake wawili na mtoto, imevaa sare ya nesi.

Angalia alichofanya pale. Hakumtafutia mzee vyeti, hakumfuata usiku, hakumtisha kwa kumpiga. Alijua tu kwamba mzazi wa kweli na tapeli watajibu tofauti wakiulizwa jambo moja, akatengeneza swali hilo. Hiyo ndo akili ya aina hii ya riwaya, kumuweka mtu mahali ambapo tabia yake itamsema. Ila niongeze tahadhari kwa wanaoandika stori za hapa kwetu, usikopi ule ujanja kirahisi ukauweka Temeke au Muhimbili bila kufikiri, maana kujifanya mtumishi wa umma ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na mpelelezi wako akifanya hivo basi kitabu kijue kwamba amevuka mstari na kuna gharama yake.

Sasa tumlete Dar. Tuseme, na huu ni mfano wa kutunga, mama mmoja wa Mbagala kanunua kiwanja Kigamboni, kakaa miezi, siku anapeleka tofali anakuta mtu mwingine kashachimba msingi na ana karatasi zake. Watu wa Dar hii stori hawahitaji kuelezewa. Mama anaenda kwa dada wetu. Wasomaji waliozoea Gamba wanasubiri dada aingie usiku ofisini kwa tapeli na tochi mdomoni. Dada anapanda daladala anaenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Vitu vingi mno viko wazi kwa anayejua pa kuuliza. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanajua mauziano gani yamepita mezani kwao na nani alikuwa shahidi. Kama kiwanja kimepimwa na kina namba, unaenda ardhi unaomba utafutaji rasmi, unalipia, unaambiwa kimesajiliwa kwa jina la nani na kama kimewekwa rehani. Kama muuzaji alijitambulisha kama kampuni, BRELA, wale wasajili wa makampuni, wanakupa taarifa za kampuni kwa ada, wakurugenzi ni kina nani, wanahisa ni kina nani, ilisajiliwa lini, na mara nyingine ukikuta kampuni ya viwanja imesajiliwa wiki mbili kabla ya mauzo umeshapata sura nzima ya kitabu. Hukumu za mahakama kubwa nazo ziko mtandaoni kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za nchi, unaandika jina la mtu unaona kama kashawahi kushtakiwa kwa jambo la namna hiyohiyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bastola, linahitaji nauli, ada na mtu asiyechoka kupanga foleni.

Na pembeni ya karatasi kuna watu. Kijiwe cha bodaboda karibu na kiwanja wanajua ni magari gani yalikuwa yanaleta wateja. Mama ntilie aliyeuza chai kwa mafundi anajua nani alikuwa analipa. Hapa ndo mwandishi mzuri anaonekana, kwenye namna dada anavyouliza. Hasemi mimi napeleleza. Anasalimia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante. Nipe chapati mbili na chai. Hivi mama, hiki kiwanja si ndo kile cha yule mzee wa Tandika?"

"Wapi! Tandika ya nani, hiki cha yule kijana mwenye gari nyeusi, kaleta watu hapa hata siwezi kuwahesabu."

Kauliza kitu cha uongo makusudi, maana mtu ukimuomba habari anajiuliza anakupa kwa faida gani, lakini ukikosea mbele yake hawezi kuvumilia, lazima akusahihishe, na kwenye kusahihisha anakupa zaidi ya ulichoomba. Kijana, gari nyeusi, watu wengi. Hakuna aliyelazimishwa wala aliyedanganywa kwamba anaongea na serikali. Ukisoma riwaya ya namna hii angalia maswali ya mpelelezi, nusu ya utamu uko huko, na wale wanaoruka mazungumzo kutafuta "tukio" wanaruka tukio lenyewe.

Kwanini sasa mwanamke? Hapa ndo pananisisimua zaidi kwenye hii mada yote, na nadhani waandishi wetu wamepaacha pakiwa na utajiri mkubwa. Mji huu una vyumba ambavyo mwanaume haingii. Saluni ya kusuka, mtu anakaa masaa matano kichwa kimeinamishwa, na ndani ya masaa matano hakuna siri ya mtaa inayobaki. Kitchen party, ambako mashangazi na mashoga wanafunguka mambo ambayo bwana harusi hatayajua mpaka kufa. Vikoba na michezo ya kupeana, ambako watu wanajua nani kakopa, kakopa kwa ajili ya nani na kwanini harejeshi. Na msiba. Msibani wanaume wako nje chini ya turubai kwenye viti vya plastiki wanaongea mpira na siasa, ndani wanawake wako kwenye mikeka na majamvi na habari ya marehemu inasimuliwa tangu mwanzo: alilala saa ngapi, alipigiwa simu na nani, dawa alipewa na nani, yule mke mdogo alifika lini na alilia vipi. Nyuma kule jikoni ukiinama ukakata vitunguu hakuna anayekuuliza umetumwa na nani, wanakuuliza kisu umekitoa wapi. Kachero wa kiume mwenye vyeo vyake vyote atasubiri nje apewe muhtasari, na muhtasari utakuwa umeshachujwa na mjomba wa familia.

Na hii sio kubuni kwa ajili ya vitabu tu. Mwaka 1856 kule Chicago mwanamke mmoja mjane, Kate Warne, alienda ofisi ya upelelezi ya Allan Pinkerton kuomba kazi. Pinkerton mwenyewe alieleza baadae kwamba alidhani dada anataka kazi ya ukarani. Hapana, alitaka upelelezi, na hoja aliyoitoa ni hiihii ninayoisema, kwamba mwanamke anaweza kufika na kuambiwa siri mahali ambapo mwanaume hafiki. Akaajiriwa. Mwaka 1861, Abraham Lincoln akielekea Washington kuapishwa, kulikuwa na habari za njama ya kumuua akipita Baltimore, Warne alikuwa mmoja wa waliojipenyeza kule kutafuta habari akijifanya bibi wa kusini, na usiku wa safari wakampitisha Lincoln kwenye treni akiwa kama kaka yake mgonjwa. Rais mteule wa Marekani amevuka salama, na kazi ya yule dada njia nzima ilikuwa kutotazamwa.

Kutotazamwa huko ndo silaha, na ni silaha inayouma pia, maana inatokana na watu kumdharau. Mtu anaongea dili zake kwenye simu mbele ya dada anayemuhudumia chakula kwasababu hamhesabu kuwa ni mtu wa kuelewa. Riwaya nzuri ya aina hii inakuonyesha yote mawili, faida anayoipata na maumivu ya kuonekana si kitu. Mwingereza P. D. James alilishika hilo mwaka 1972 kwenye riwaya ya Cordelia Gray, binti aliyeachiwa ofisi ya upelelezi London, na karibu kila mtu anamwambia kazi hii haimfai mwanamke mpaka maneno hayo yakawa ndo jina la kitabu. Ukilinganisha na riwaya zetu nyingi za miaka ya 70 na 80, wanawake wengi waliwekwa kuwa warembo wa kumtega shujaa au wa kuokolewa, na hata walipoingia kwenye kazi yenyewe walikuwa pembeni ya mwanaume. Nazipenda zile riwaya, zimenifundisha kusoma usiku kucha, lakini hilo ni deni ambalo bado halijalipwa.

Tuje kwenye kitu kinacholeta ubishi zaidi, kidokezo na ushahidi. Watu wanavitumia kama kitu kimoja na ndo maana wanalalamika "si alishajua sura ya kumi, mbona hakumkamata". Kidokezo ni kitu kinachokuonyesha pa kuangalia. Ushahidi ni kitu ambacho mahakama itakipokea na kukipima. Umbali kati ya hivyo viwili unaweza kuwa kitabu kizima.

Kila mtu Dar anajua hii: ukipata namba ngeni unataka kujua ya nani, unaanza kutuma pesa, jina linatokea kabla hujathibitisha, unakata. Dada wetu kafanya hivo kwa namba ya muuza kiwanja, jina limetokea. Amempata? Hapana, kapata kidokezo. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, kweli, lakini jina lililotokea ni la aliyeweka kidole, na huyo anaweza kuwa bibi wa watu aliyewekeshwa kidole mara mbili na msajili wa barabarani bila kujua laini ya pili imeenda wapi. Mpelelezi mjinga anaenda kumvamia bibi. Dada anaenda kumuuliza bibi laini alisajiliwa wapi na nani, na kuanzia hapo stori inageuka.

Hivohivo na maneno ya mtaani. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka shahidi wa mdomo aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe. Mama ntilie akisema nilimuona kijana wa gari nyeusi akipokea hela, hiyo inasimama. Akisema nimesikia kwa bodaboda kwamba alipokea hela, mahakama itamtaka huyo bodaboda. Na pale ambapo hakuna aliyeona kabisa kunabaki ushahidi wa mazingira, vipande vidogovidogo vinavyounganishwa, na kwenye jinai mahakama inataka viungane kiasi kwamba havielekei kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa huyo mshtakiwa. Zile sura za mwisho za riwaya, ambapo mpelelezi anakalisha watu sebuleni na kueleza moja baada ya jingine, ni ushahidi wa mazingira unasomwa kwa sauti, na msomaji ndo hakimu. Ukiona kipande kimoja kinaweza kumuelekea na mtu mwingine, una haki ya kusema mwandishi hajamaliza kazi.

Haki hiyo ina historia yake. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya hizi, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za upelelezi wa kitabuni, na mojawapo inasema mpelelezi akipata kidokezo lazima msomaji naye aonyeshwe. Sio lazima aelezwe maana yake, aonyeshwe tu. Kwa dada mkimya hili ni gumu maradufu kwasababu vidokezo vyake ni vya maneno na tabia, havina damu wala ganda la risasi. Mwandishi anaweka pale mtu aliyesema "alikuwa ananipenda" badala ya "ananipenda" kabla maiti haijapatikana, wewe unapita haraka unatafuta mapigano, alafu mwisho unasema nimeonewa. Hujaonewa, umeruka.

Na mwisho wa kitabu bila kukamatwa mtu? Ndo maana nilisema shika la mteja. Kachero anawajibika kwa jalada, lazima liishe na mtu mahakamani au lifungwe. Mpelelezi binafsi anawajibika kwa aliyemlipa, na aliyemlipa mara nyingi hataki mtu afungwe, anataka kujua. Yule binti wa Gaborone alitaka kujua kama yule ni baba yake. Mama wa Mbagala anaweza kutaka hela yake irudi, na hiyo ni njia ya madai ambako kipimo cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai, inatosha upande mmoja uelemee zaidi, au anaweza kugundua kwamba aliyemuuza ni mtoto wa dada yake na kuamua suala limalizwe kikao cha ukoo. Dada anabaki na ukweli mkononi na swali la kuusema wote au nusu. Sura hizo ndo ngumu zaidi kuandika na ndo nzuri zaidi kusoma, mpelelezi kashajua, mteja kakaa mbele yake anasubiri, na kila atakachosema kitavunja kitu. Anayeita hiyo stori imepoa namuomba arudie kusoma sura hiyo polepole.

Limebaki swali la yule mwenye jambo lake na mume wake, na nalijibu kwa uzito kwasababu hili sio la vitabuni tena. Unaweza kumlipa mtu akuulizie vitu vilivyo wazi: kama hiyo kampuni anayosema kafungua imesajiliwa, kama kiwanja kiko kwa jina lake, kama kuna kesi. Anaweza kusimama barabarani akaona anachokiona kila mpita njia. Lakini Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa kuwa kosa na simu imo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 imebana zaidi wanaokusanya na kugawa taarifa za watu. Ndoa haifuti hayo. Kwahiyo mtu akikuahidi kukutolea meseji za WhatsApp za mwenzio, orodha ya simu alizopiga au taarifa ya benki, huyo hakufanyii upelelezi, anafanya kosa, na wewe uliyemtuma na kumlipa sheria inakuhesabu umeshiriki.